Chati ya nondo wa sinabari: picha safi, jina la mmea limekosewa

Chati hii ya ukutani niliinunua kwa shilingi 15,000 katika duka moja la vitabu Darajani, kwa ajili ya darasa langu la sayansi huku Wete, na nimeitumia muhula mzima.

Inaonesha maisha ya nondo wa sinabari, mdudu wa Ulaya aliyepewa jina la jiwe jekundu linalotolewa zebaki, ambaye mbawa zake za mbele ni nyeusi zenye mstari na madoa mekundu, na za nyuma ni nyekundu zenye ukingo mweusi. Mchoraji hakumtenga mdudu na chakula chake: katikati ya karatasi umesimama ragiwoti, mmea wa maua ya manjano, mayai yakiwa yamepangwa chini ya majani na viwavi wenye pete nyeusi na manjano wakiukwea hadi kwenye maua. Wanafunzi walielewa haraka kwamba kiwavi hula sumu ya mmea huo bila kudhurika, huihifadhi mwilini hata akishakuwa nondo, na kwamba rangi zile kali ni onyo kwa ndege. Sehemu ya pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akigeuka kuwa nondo, anayelala ardhini majira yote ya baridi ilinichosha kuieleza, maana watoto wetu wanajua vuli na masika. Maelezo kwamba viwavi hao waliachiwa California mwaka 1959 ili wapunguze ragiwoti ndiyo yaliyozua mjadala mrefu kuliko yote.

Kasoro yake kubwa iko kwenye maandishi ya Kiswahili, ambayo yameuita mmea huo "mchunga". Mchunga ni mboga chungu inayopikwa majumbani mwetu, nao una maua ya manjano, hivyo naelewa mfasiri alikopotelea. Lakini ragiwoti huharibu ini la farasi na ng'ombe, na haifai mtoto asome ukutani kwamba mboga ya mamake ni sumu. Muuzaji alinisikiliza kwa adabu, akasema chati humfikia ikiwa imeshachapishwa. Nimebandika kipande cha karatasi juu ya neno hilo na kuandika jina sahihi kwa kalamu ya wino mzito.

Karatasi yenyewe ni nyembamba, na unyevu umeshaikunja pembe mbili, kwa hiyo atakayeinunua aitie plastiki kabla ya kuitundika. Kwa picha zake ningeinunua tena. Kwa maandishi yake, mwalimu ayapitie kwanza.