dgVoodoo2 na video za gemu la zamani zilizokuwa zikikwamakwama

Nina gemu la mwaka 1998 ambalo hadithi yake yote imo kwenye video fupi zinazoonyeshwa kati ya hatua moja na nyingine. Ukiziruka, hujui unapigania nini. Kwenye kompyuta yangu ya sasa video hizo zilikuwa hazitazamiki. Sauti inakwenda vizuri, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Nahodha anamaliza kutoa amri ndipo midomo yake inafunguka. Ajabu ni kwamba mapigano yenyewe yalichezeka bila kukwama hata mara moja. Mashine inayochora vita nzima bila taabu, ikashindwa na picha ya nukta 320 kwa 240, fremu 15 kwa sekunde!

Nilianza na hali ya utangamano, ile ya kuifanya kompyuta ijifanye mfumo wa zamani. Haikubadilisha kitu. Kisha nikanakili faili zote za video kutoka kwenye CD na kuziweka kwenye diski kuu, kwa sababu gemu hili lilikuwa likisoma video moja kwa moja kwenye CD, na kisomeo kikikaa kidogo bila kazi kinasimama, kisha kinahitaji muda kuanza kuzunguka upya. Hapo mikwamo mirefu ya sekunde mbili tatu ikaisha. Kama shida yako ni ya namna hiyo tu, anzia hapo, huenda usihitaji programu yoyote. Mimi nilibaki na kile kigugumizi kifupi kisichokoma.

Ndipo nikaijaribu dgVoodoo2. Ni programu ya bure inayokaa kati ya gemu na kadi ya michoro. Gemu linazungumza lugha ya DirectDraw au Direct3D ya zamani, yaani njia za Windows za kuiagiza kadi ichore, au hata Glide ya kadi za zamani za 3dfx, nayo dgVoodoo2 inayatafsiri maagizo hayo kwenda Direct3D 11 au 12, za kisasa zaidi. Haisakinishwi. Unachukua faili za DLL, yaani vipande vya programu ambavyo gemu huviita linapoanza, kwa gemu la biti 32 zile zilizo kwenye folda ya x86, unaziweka kando ya faili inayoanzisha gemu pamoja na dgVoodooCpl, dirisha lake la mipangilio, basi. Ukitaka kurudi ulikotoka, unazifuta. Napenda sana uungwana huo, maana kuna dawa za gemu za zamani zinazogusa hadi mafaili ya mfumo.

Ukifungua gemu, kona ya skrini inaonyesha nembo ya dgVoodoo. Usikimbilie kuizima. Ndiyo ushahidi kwamba gemu limezipokea faili ulizoweka. Mimi nilipoteza jioni nzima nikibadilisha mipangilio ambayo gemu halikuiona, kwa kuwa nilikuwa nimeziweka kwenye folda isiyo yake.

Nembo ilipotokea, kigugumizi kilipungua lakini hakikuisha. Kilichokimaliza ni kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa DirectX ndani ya dgVoodooCpl, kile cha kuharakisha ufikiaji wa kumbukumbu ya video. Sababu yake inaeleweka ukijua gemu hizi zilivyofanya kazi. Video za enzi hizo zilichorwa na prosesa yenyewe, nukta kwa nukta, ikiandika kwenye kumbukumbu ya picha. Kadi ya sasa haikujengwa kwa mtindo huo, na kila fremu inalazimika kupelekwa na kurudishwa. Mapigano yanachorwa na kadi, hayapiti njia hiyo. Ndiyo maana yenyewe hayakukwama. Nilitia alama kile kisanduku, nikaacha ukubwa wa picha bila kuulazimisha, nikachagua picha itanuliwe kwa uwiano wake wa asili. Nahodha akazungumza, na maneno yakatoka mdomoni mwake.

Kuna mambo ya kujua kabla. Kurasa za mipangilio zina maneno mengi ya kitaalamu na mgeni atachoka. Kile kisanduku nacho kwenye baadhi ya gemu huleta kasoro za picha, kwa hiyo kijaribu peke yake, usibadilishe vitu vitano kwa pamoja. Tena programu hii haichezi video, inaonyesha tu kile gemu ilichokwisha kukifungua. Gemu linalotegemea Indeo, kodeki (kifungulio cha video) ya zamani ambayo Windows za baadaye ziliizuia kwa sababu za usalama, litabaki na skrini nyeusi hata uweke nini hapa.

Kwangu imebaki kasoro moja: video ya mwisho kabisa bado inashtuka mara moja, bendera inapoanza kupanda. Nimeitazama mara nne, na bado naitafuta sababu yake.