Kukodi mashine pepe ukiwa Lubumbashi: nani wa kwanza, nani wa mwisho

Depo moja ya dawa hapa Kampemba iliniita saa mbili asubuhi: programu ya stoki haifunguki. Nikadhani ni umeme, kumbe upo. Nikadhani mega za intaneti zimeisha, kumbe zipo. Seva waliyokodi Ulaya ilikuwa imesimamishwa usiku kwa sababu kadi ya benki ilikataa malipo. Kwenye kadi kulikuwa na dola tano, fakture ilikuwa dola sita. Wahudumu waliandika kwenye daftari hadi adhuhuri, wagonjwa wamesimama foleni.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza akodi wapi mashine pepe, yaani seva ya kukodi inayokaa kwenye kituo cha mbali, sianzi na RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine). Namuuliza atalipa vipi kila mwezi, hata ule mwezi patroni amesafiri. Wakodishaji wote nitakaowataja wanapokea kadi ya Visa au Mastercard, na hapo ndipo wengi wetu tuliozoea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money tunakwama. Chukua kadi ya debit kutoka benki yako (ile ya kulipia kabla hukataliwa na baadhi yao, kama DigitalOcean, Azure na Oracle), uitenge kwa seva tu, na ndani yake pasipungue pesa ya miezi miwili. Depo ile sasa inaweka pesa tarehe 25, na karatasi yenye tarehe hiyo imebandikwa juu ya kaunta.

Kwa sababu hiyo hiyo napendelea mkodishaji mwenye bei isiyobadilika kwa mwezi. Ukijua ni dola sita, unaweka sita. Bei inayopanda na kushuka kulingana na matumizi ni mzigo kwa mtu anayeweka pesa kwa kipimo.

Halafu kuna umbali. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka. Hadi Frankfurt ni karibu 7,000. Mwanga ndani ya fibre, yaani kebo ya kioo inayobeba intaneti, unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 16 kwa Johannesburg na 70 kwa Frankfurt. Kebo hazinyooki, kwa hiyo hali halisi ni zaidi ya hapo. Msomaji wa tovuti hataona tofauti. Muuzaji anayebofya mara arobaini kwa mteja mmoja ataiona, na mhasibu anayefanya kazi kwenye Windows iliyo mbali ataiona kabla ya saa sita mchana. Usiamini ramani peke yake, maana kampuni yako ya intaneti inaweza kuzungusha njia. Kodi mashine ndogo kwa siku moja, tuma pingi (ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi) mia moja asubuhi na mia moja jioni kupitia mtandao ule ule utakaotumia kazini, kisha uifute. Utalipa senti.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza ni Vultr, ukichagua Johannesburg. Ni jirani, bei ya mwezi inajulikana mapema, na mashine inawaka ndani ya dakika chache. Kwa duka, shule au wakala wa forodha anayefanya kazi na mpaka wa Kasumbalesa, hapa ndipo ningeanzia. Tena Lubumbashi na Johannesburg ziko kwenye saa moja.

Wa pili ni Hetzner, wenye vituo Ujerumani na Finland. Kwa nguvu unayopata kwa kila dola, sijaona wa kumshinda kwa urahisi, na mashine zake za Ulaya huja na posho ya data ya terabaiti 20 kwa mwezi. Kasoro ni umbali, na wakati wa kufungua akaunti unaweza kuombwa kitambulisho, kwa hiyo weka pasipoti karibu. Kama kazi yako ni tovuti, barua pepe au kuhifadhi nakala za akiba, Hetzner atangulie Vultr bila kusita.

DigitalOcean namweka wa tatu kwa ajili ya anayejifunza. Maelekezo yake ni mepesi kufuata na mashine ya dola 6 ina kori moja (kiini cha kufanyia hesabu), RAM ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 25. Hana kituo Afrika; utachagua London, Amsterdam au Frankfurt.

Wakubwa watatu wanafuata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za watu zinapotea. Azure ya Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, AWS ya Amazon Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Wako karibu na ni imara. Lakini fakture yao ina mistari mingi: mashine peke yake, diski peke yake, data inayotoka peke yake. Tangu Februari 2024 AWS wanatoza hata anwani ya IPv4 ya hadharani (namba ambayo mashine inajulikana nayo mtandaoni), dola 0.005 kwa saa, yaani kama dola 3.6 kwa mwezi kabla hujafanya lolote. Ukizima mashine ya AWS, saa za mashine hazihesabiki lakini diski inaendelea kulipiwa. Kwa Azure, ukiizima ukiwa ndani ya Windows yenyewe, bado unalipa hadi uisimamishe kutoka kwenye ukurasa wa akaunti. Kwa Vultr, Hetzner na DigitalOcean, mashine iliyozimwa inalipiwa kama inayowaka. Kinachosimamisha malipo ni kuifuta. Nenda kwa wakubwa kama kampuni yako ina mtu wa kusoma fakture kila wiki, au kama programu ya uhasibu inadai Windows, hapo Azure inastahili. Na siku ya kwanza kabisa weka onyo la matumizi kwa barua pepe.

Oracle wa mwisho, kwa mazoezi tu. Ana mashine za bure zisizo na mwisho wa muda, lakini zimefungwa kwenye eneo ulilochagua siku ya kujiandikisha, mara nyingi nafasi huwa imejaa, na isiyofanya kazi huweza kuchukuliwa. Usiweke humo stoki ya dawa.

Ukishachagua, anza na Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa bure wa Linux unaohudumiwa hadi 2029. Weka ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) wakati wa kuunda mashine, kisha uzime kuingia kwa nywila. Fungua milango ya mtandao 22 (ya SSH), 80 na 443 (ya tovuti) tu. Mlango wa hifadhidata usifunguliwe kwa dunia. Kwa RAM ya gigabaiti 1, ongeza faili ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya gigabaiti 2, la sivyo MySQL, programu ya hifadhidata, inaweza kuuawa na mfumo siku ya kazi nyingi. Haya yote yaandike kwenye skripti moja ya cloud-init (maagizo ambayo mashine hutekeleza inapowaka mara ya kwanza) na uibandike unapounda mashine; ya pili na ya tatu hazitakuchukua hata robo saa.

Kila unapoingia, fungua tmux kwanza, programu inayoshikilia kazi yako ndani ya seva hata muunganisho ukikatika. Umeme ukikatika Katuba katikati ya usasishaji, seva kule haijui, kazi inaendelea, nawe unarudi pale pale ulipoiacha.

Anza na mashine ndogo. Ikilemewa, kwa Hetzner na DigitalOcean ongeza RAM na kori bila kukuza diski, kwa sababu diski ikishakuzwa hairudi nyuma. Kabla ya kuwapa watu waitumie, piga nakala ya mashine nzima, uwashe mashine nyingine kutokana na nakala hiyo, ufungue programu na utafute bidhaa moja unayoijua bei yake. Ikionekana, futa ile ya majaribio usiku huo huo, kabla saa zake hazijajikusanya kwenye fakture.