Simu inalia ndani ya redio ya upepo? Nunua hivi kwa mpangilio

Wa kontrol rumu mnaijua hii, iwe ulinzi, teksi au ambulensi, unaita gari kwa maiki ya mezani ghafla spika inaanza trrr-tit-tit-tit-trrr halafu muda si mrefu simu ya mtu inaita. Walioko nje wamepata nusu ya maelezo. Bosi anasema badilisheni chaneli au tununue redio mpya, na hapo ndo hela inapopotea, maana huo mlio hauingii kwa masafa ya redio yenu, unaingia kwa waya. Simu ya 2G inarusha kwa vipande, mara 217 kila sekunde, na mnara ukiwa mbali inaweza kupanda mpaka wati 2 kwenye 900 MHz, sasa waya wa maiki unageuka antena na sakiti ya sauti inavigeuza vile vipande kuwa mlio. 3G hairushi hivyo, 4G nayo mwisho wake ni wati 0.2 hivi. Kwa hiyo mkorofi mara nyingi ni kitochi kilicholala pembeni ya maiki, au traka ya gari iliyofichwa nyuma ya dashibodi.

Kabla hujatoa hela pima. Piga simu kwa kitochi, kizungushe taratibu kwenye maiki, waya, redio, powa saplai. Wakisikia walioko nje, inaingia upande wa maiki. Ukisikia wewe tu, na volyum umeishusha mpaka sifuri bado inalia, basi ni waya wa spika au amplifaya yake. Na jaribu kwanza dawa ya bure: simu ikitoka sentimita 30 ikaenda mita 1.2 kutoka kwenye waya, nguvu inayofika inashuka kama mara 16.

Namba moja kwangu ni ferraiti za kubana, vile vidude vyeusi vinavyokaa kwenye waya za kompyuta. Bei ndogo, huhitaji fundi. Ila usibebe yoyote tu, aina ya 31 na 43 zimelengwa chini ya 300 MHz, wewe tafuta ya 61 ambayo inafanya kazi kuanzia 200 mpaka 1000. Bana pale pale waya unapoingia kwenye redio, na usiuzungushe waya ndani yake mara nyingi mnavyozoea masafa ya chini, huku juu mizunguko inakuangusha, bora ubane mbili tatu zifuatane.

Namba mbili maiki yenyewe, hasa kama mtandao wenu wa simu ni wa 1800 MHz ambako ferraiti inachoka. Nunua yenye bodi ya chuma, waya wenye shildi (ganda la chuma linaloufunika ndani) iliyoungwa vizuri kwenye plagi, na kapasita ndogo za 33 pF na 10 pF pale kwenye kichwa cha maiki, ya kwanza inazima 900, ya pili 1800. Muuzaji akibabaika omba muiwashe hapo hapo dukani na kitochi chako kikiwa kinaita. Akikataa, toka.

Namba tatu, mnunulie disipacha, yule anayeita magari, simu ya 4G ya ofisi. Hakikisha inapiga kwa VoLTE, yaani sauti inapita kwenye 4G yenyewe, na laini yenu inaikubali, vinginevyo simu ikiingia inarudi 2G au 3G na huenda mkarudi pale pale.

Powa saplai ni ya nne, nunua tu kama kipimo kimekuonyesha mlio unaingia huko.

Redio ya dijito naiweka ya tano japo wauzaji wanaisukuma sana. Mlio unaingia kwenye maiki kabla sauti haijageuzwa dijito, kwa hiyo unasafirishwa nao pamoja na maneno yako. Halafu DMR, aina mojawapo ya redio za dijito, yenyewe inarusha kwa vipande, ukiiweka karibu na spika mbovu utasikia inagonga, kwa mlio mzito zaidi.

Stika za kuzuia mionzi achaneni nazo kabisa. Jama, kile kifaa cha kuziba mawimbi ya simu, ndo usiiguse, Marekani kuiuza au kuitumia ni kosa la kisheria, na kwenye kontrol rumu itamkata hata mteja anayepiga kusema amevamiwa.