Balbu za Tuya, swichi za Sonoff, spika ya Apple: ununue nini vyote vikae apu moja

Nyumba nyingi zinafika hapa kidogo kidogo. Balbu za Tuya ulichukua Kariakoo kwa sababu bei poa, swichi ya Sonoff fundi ndo aliipendekeza, halafu shemeji aliyeko Marekani akaja na HomePod mini (spika ndogo ya Apple), na sasa una apu tatu kwenye simu na hakuna inayomjua mwenzake. Kabla hujaongeza kifaa kingine nunua kwanza cha kuviunganisha. Nimepanga nikifikiria umeme wa kukatika na bando la kuisha, sio zile nyumba za YouTube.

Namba moja ni Home Assistant Green, na wala sio kwa tofauti ndogo. Kiboksi kidogo, kilitoka 2023 kwa dola 99, usafiri na ushuru juu yako. Programu iliyomo, Home Assistant, ni ya bure, ipo tangu 2013, inaongea na Tuya, Sonoff, Hue (taa za Philips), vitu vya Apple, yaani orodha ni ndefu mno. Ila sababu hasa ya kuiweka juu ni kwamba kazi inafanyika humo humo ndani ya nyumba, intaneti ikikata sensa ya korido ya Zigbee (redio ya vifaa janja isiyopitia waifai) bado inawasha taa. Watu watakwambia chukua Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), na kweli programu ni ileile, lakini Pi inayotegemea memori kadi na umeme wa kukata na kurudi haviendani kabisa, kadi ikiharibika mipangilio yote kwaheri, kwa hiyo ukienda na Pi weka diski ya SSD badala ya kadi na uwe unafanya bakapu. Green haina redio ya Zigbee, ongeza kijiti cha USB, Sonoff wanavyo vizuri tu. Na jua hili: balbu za Tuya za waifai ukiziingiza kwa njia ya kawaida bado zinazunguka kwenye seva za Tuya, mtandao ukilala nazo zinalala. Ndo maana vifaa vipya nashauri vya Zigbee.

Namba mbili, Matter kupitia spika uliyonayo. Matter ni utaratibu wa pamoja wa vifaa janja kuelewana, ambao Apple, Google, Amazon na Samsung walikubaliana, toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na kifaa kimoja kinaweza kukaa kwenye apu ya Apple na ya Google kwa pamoja. Raha kwa asiyetaka kuchokonoa mambo. Tatizo, balbu yako ya zamani haigeuki Matter kwa maombi, angalia nembo kwenye boksi, na kama imeandikwa Thread (redio nyingine isiyopitia waifai) hakikisha spika ina Thread (HomePod mini inayo, Nest Mini haina).

Tatu ni kutonunua kitu. Unganisha Smart Life (apu ya Tuya) na eWeLink (apu ya Sonoff) ndani ya apu ya Google Home, taa zote utaziona sehemu moja na utaziamrisha kwa sauti. Bure kabisa, na kwa mtu wa balbu nne na soketi mbili inatosha. Bila intaneti lakini hauna kitu.

Mwisho kabisa naweka viboksi vya Z-Wave (redio nyingine tena ya vifaa janja) vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Redio yake ni 908 MHz, vya Ulaya ni 868, havisikilizani, ukinunua sensa Uingereza na kiboksi Chicago umeliwa. Soketi janja za huko nazo nyingi ni za volti 120 tu, sisi tuna 230, soma kibandiko kabla hujachomeka.

Ah, na swichi za ukutani: muulize fundi kama waya wa nyutro umefika kwenye boksi la swichi, nyumba nyingi haipo, chukua zile zisizohitaji nyutro. Ruta na kiboksi viweke kwenye UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikata), vinakula umeme kidogo sana.