Maporomoko ya Engare Sero na Mwongozaji Aliyetuharibia Safari

Nilikusudia kusubiri hasira ipungue ndipo niandike, lakini muda unakwenda nayo haipungui, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Safari ilikuwa ya kwenda kuona maporomoko ya Engare Sero, yaliyomo ndani ya korongo ambalo mto umelichimba katika ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Natron. Niliinunua kutoka kwa kampuni moja ya utalii ya Arusha, ambayo jina lake nalihifadhi, pamoja na usafiri, malazi ya kambini, chakula na mwongozaji. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka ina vumbi na mawe, na vizuizi vya tozo ni vingi kiasi cha kumchosha mtu. Hayo siyalalamikii, kwani kila aliyepita huko anayajua.

Ninacholalamikia kilitokea ndani ya maji. Msomaji asiyepafahamu mahali hapo aelewe kwanza kwamba korongo hilo lipo jirani na Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye mita 2,962, ambayo kwa Wamaasai ni mlima wa Engai, yaani Mungu, na hadi leo watu huuendea kuomba mvua na kuombea uzazi. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007, na majivu yake yakaenea malishoni. Kwa hiyo mgeni anayefika hapo amekaribishwa penye ibada ya watu, hata kama kwenye tangazo ameandikiwa kwamba anakwenda kuogelea.

Kijijini tulipewa kijana wa Kimaasai wa kututangulia, nami sina sifa za kutosha za kumpa. Njia yenyewe ni mto: unapanda ukiufuata, unavuka upande huu na kurudi upande ule, maji yakikufika magotini na mahali pengine mapajani, huku kuta za mwamba zikizidi kusogeleana. Kila penye mkondo mkali alisimama upande wa chini, akanishika mkono na kunionyesha jiwe la kukanyaga. Tulipofika, maji yalikuwa yakimwagika kutoka juu ya mwamba uliojaa mikindu, na kwa ghadhabu yangu yote siwezi kudanganya: sijawahi kuoga maji yaliyoniburudisha kama yale.

Basi wenzetu wawili wakatoa shampuu. Kijana akawasogelea, akasema kwa upole, "Samahani kaka, samahani dada, hapa sabuni hatutumii. Huko chini watoto na mifugo wanakunywa maji haya haya." Hao wawili, kwa haki yao niseme, walianza kuzifunika chupa. Aliyewazuia ni mwongozaji wetu wa Arusha, mtu aliyeajiriwa na kampuni yetu kutufundisha adabu za mahali, ambaye alipaza sauti mbele ya kundi zima: "Bwana mdogo, wageni wangu wamelipa. Wewe kazi yako ni kuonyesha njia." Kisha akawasha spika aliyokuwa amebeba kwenye mkoba, na korongo lote likajaa muziki.

Wamelipa nini? Ada tuliyotoa kijijini ilituruhusu kuingia na kusindikizwa. Haikununua mto, wala haikununua haki ya kumwita mtu bwana mdogo kwenye maji ya baba yake. Nilimwambia azime spika. Akaniambia, akicheka, "Mama, pumzika, uko likizo." Povu likashuka na mkondo mbele ya macho yetu, na yule kijana akageuka kutazama ukuta wa mwamba, nadhani kwa sababu ya kutuonea aibu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, tuliporudi kijijini tulikuwa bado na ahadi ya kuona nyayo za kale za binadamu, zaidi ya mia nne, zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyoganda. Mwongozaji akazifuta kwenye ratiba kwa kauli moja: hakuna cha kuona kule, ni mashimo tu. Muda wa nyayo ulikwishaliwa na shampuu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na dereva ni muungwana. Sasa naona hata mbili ni nyingi. Kampuni ilijibu malalamiko yangu kwa kunipa punguzo la bei katika safari ijayo, tena na mwongozaji yule yule, kwa maelezo kwamba wageni wengi humpenda. Nyota moja, nayo ni ya dereva.

Nilikuwa pia nimeazimia kuwashauri watu wasiende kabisa, kijiji kipumzike na sisi. Lakini nikikumbuka jinsi kijana yule alivyotushika mikono wakati wa kurudi, wote bila kubagua, hata wenye shampuu, naona nitamkosesha riziki asiye na hatia. Nendeni, basi, ila fikeni kijijini wenyewe na mchukue mwongozaji wa hapo hapo. Vaeni viatu vyenye mikanda, kwa sababu ndala zitakwenda na maji, na sabuni iacheni kambini. Na mkimkuta bwana mmoja mwenye spika mkobani, mwambieni yule mama bado hajapumzika.