Boflo na chai, au mbaazi za nazi?

Boflo na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari hukushibisha upesi. Ikifika saa nne, tumbo linanguruma, kichwa kizito, na mteja pale sokoni Marikiti akiuliza bei mara ya pili unamfokea. Unga mweupe wa boflo umekobolewa. Sukari hupanda haraka damuni, kisha ikashuka.

Mbaazi ni habari nyingine. Zina protini, vitamini ya foleti, na nyuzinyuzi zinazochelewesha usagaji wa chakula, basi nguvu hutoka kidogo kidogo hadi adhuhuri. Taabu yake ni kuzilaza majini usiku kucha, na tui zito lina mafuta mengi. Hamri moja pembeni sikatai. Hamri tano? Hapo umerudi kwenye boflo, tena lililokaangwa.