Loki ya upepo kwenye difu ya nyuma ya Hilux ya zamani: uzoefu wangu wa miezi 14

Ni miezi 14 sasa tangu nifunge loki ya upepo, ile Air Locker ya kampuni ya ARB ya Australia, kwenye difu ya nyuma ya Hilux yangu LN106. Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, na loki huifunga ili matairi hayo yazunguke pamoja. Gari ni la mwanzoni mwa miaka ya 1990: injini ya dizeli aina ya 3L (jina lake, si lita tatu) isiyo na tabo, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za pleti kote. Nyuma lilikuwa na difu ya kawaida tu. Nimeitumia loki hii kwenye tope, mchanga na mawe, nimeifungua mara moja kwa sababu ya kosa la ufungaji, nimeirudisha, na sasa naweza kuizungumzia bila kubahatisha.

Nianze na sababu iliyonifanya niitafute, kwa sababu haikuwa kukwama. Ilikuwa kuvunja vitu.

Wengi wanaamini kwamba ukishaweka foo-wili, matairi yote manne yanasukuma. Kwenye gari lenye difu za kawaida mbele na nyuma, sivyo. Difu ya kawaida hugawia kila upande nguvu sawa, na usawa huo ndio unaokuangusha: tairi likiwa hewani linazunguka kwa nguvu kidogo mno, basi na mwenzake aliyeshika ardhi anapata kidogo hicho hicho. Ukivuka mfereji kwa mshazari, tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia yananing'inia yakizunguka kama feni, na mawili yaliyokanyaga chini yametulia tuli.

Dawa yangu kwa miaka mingi ilikuwa kasi. Nilirudi nyuma, nikakanyaga mafuta, nikalirukia korongo ili gari lipite kabla halijapoteza mshiko. Kwa mtindo huo nilikata pleti kubwa ya springi mara mbili, nikaua krosi (kiungo) ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, na mwisho nikakata shafti ya nyuma, ile inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi. Shafti ilikatika kwa namna ambayo sitaisahau: tairi la kulia lilikuwa hewani linazunguka kwa kasi, likatua ghafla juu ya mwamba, likasikika pigo moja kama la nyundo. Kwenye Hilux hii shafti ya nyuma ndiyo pia inayobeba tairi, kwa hiyo ikikatikia upande wa nje tairi linaweza kuondoka nayo. Yangu ilikatikia ndani, karibu na meno. Nilirudi nyumbani taratibu nikivutwa na ekseli ya mbele peke yake, na njia nzima niliwaza kwamba ninalipa kwa chuma kitu ambacho kingelipwa kwa utulivu.

Nilizipima njia nyingine pia. Kulehemu spaida, zile gia ndogo za ndani ya difu, sikufikiria hata kidogo, maana gari hili linatembea barabarani kila siku. Loki za kujiendesha zenyewe, zile zinazoingia ndani ya ganda la difu lile lile badala ya spaida, ni rahisi kufunga kwa sababu hubadilishi ganda. Rafiki yangu anayo na ameridhika nayo. Nimepanda gari lake, na kwenye kona za lami unasikia kata-kata nyuma, mara nyingine gari linajisukuma kidogo upande unapoachia mafuta. Mimi nilitaka difu ambayo loki ikizimwa inarudi kuwa difu ya kawaida kabisa. Loki ya umeme ya Toyota yenyewe ni kitu kizuri, lakini hausingi yake, yaani gamba la nje la ekseli, haifanani na ya difu isiyo na loki, kwa hiyo ungelazimika kukata na kurekebisha hausingi au kutafuta ekseli nzima iliyotoka kwenye gari lenye loki.

Loki ya upepo kazi yake ni kama ifuatavyo. Ganda jipya linachukua nafasi ya ganda la zamani, likiwa na spaida zake ndani. Upepo kutoka kwenye kompresa ndogo unapita kwenye bomba jembamba hadi ndani ya hausingi, unasukuma pistoni, pistoni inasogeza pete yenye meno, na meno hayo yanaikamata gia ya shafti moja isizunguke peke yake. Kuanzia hapo tairi la kushoto na la kulia yanakwenda mwendo mmoja. Ukiachia upepo, springi zinairudisha pete mahali pake.

Sasa ufungaji, na hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu kifaa kizuri kilichofungwa vibaya kitakuhukumu wewe.

Uzuri wa difu ya nyuma ya Hilux hii ni kwamba kichwa chake, yaani difu yenyewe na gia zake, kinatoka chote kwa mbele. Unamwaga oili, unafungua propela, unachomoa shafti mbili pamoja na sahani zake za breki, unafungua nati 10, kinatoka mzima na unakipeleka mezani. Fundi alifanya jambo ambalo ningependa kila fundi alifanye: kabla ya kulegeza chochote, alipiga alama kwenye vifuniko vya beringi ili kila kimoja kirudi upande wake, kisha akapima kwa geji ya mshale plei (mwanya) iliyopo kati ya kraunwili, gia kubwa ya difu, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Ilisoma milimita 0.16. Kipimo cha kiwanda kwa difu hii ni 0.13 hadi 0.18, kwa hiyo tulijua tuna meno yenye afya na tunajua mahali pa kuyarudisha. Kraunwili na pinioni vilivyozoeana kwa miaka thelathini ukivibadilishia nafasi, vitaimba. Utasikia mluzi ukiongeza mwendo na mluzi mwingine ukiachia mafuta.

Ganda jipya lilipoingia alianza kuzungusha nati za kurekebishia, tundu moja upande huu, tundu moja upande ule, anapima, anarudia. Alipofika 0.15 alipaka rangi kwenye meno machache ya kraunwili, akazungusha huku amekandamiza kidogo, akanionyesha alama: doa lenye umbo la yai, katikati ya jino, halijapanda kileleni wala halijazama mzizini. Nilisimama hapo karibu saa mbili nikitazama, na sijutii hata dakika moja.

Kisha likaja tundu la hausingi. Bomba la upepo lazima liingie ndani, kwa hiyo unatoboa chuma na kukata uzi wa kifundo chake. Drili na tepu vilipakwa grisi nzito ili chenga zinase humo, na hausingi ikasafishwa hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Chenga moja ikibaki itaishia kwenye beringi.

Nilitumia nafasi hiyo kuweka beringi mpya za shafti na oili sili zake. Ukiwa na gari la zamani usiruke hatua hii. Loki ikifungwa, shafti moja inaweza kubeba karibu nguvu yote ya ekseli, na kitu kilichochoka kitajulikana siku hiyo.

Kosa lilionekana wiki ya tatu. Kompresa, ambayo inatakiwa kujaza, kunyamaza na kubaki kimya, ilianza kuwaka kila baada ya nusu dakika loki ikiwa imewashwa. Nilipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia kompresa hadi kwenye hausingi, hakuna hata povu moja. Nikazima loki, na solenoidi, vali ya umeme ya upepo, ilipotoa upepo wake ikatema ukungu wa oili ya difu. Nikachukua mpira wa kipumulio cha ekseli, nikauzamisha kwenye chupa ya maji, nikawasha loki tena. Mapovu yalitoka mfululizo. Upepo ulikuwa unavujia ndani ya ekseli na kutafuta njia ya juu. Tungeuacha hivyo, ungeisukuma oili ipite kwenye sili hadi kwenye breki.

Tuliteremsha kichwa cha difu tena. Kuna pete inayokaa shingoni mwa ganda, karibu na beringi, ambayo upepo unaingilia hapo, na ndani yake kuna oringi mbili, pete za mpira za kuzuia upepo usivuje. Moja ilikuwa na mkato mdogo kama wa kucha. Ilikuwa imeingizwa kavu, bila oili, ikajikata kwenye ukingo. Fundi alikubali kosa lake papo hapo, akaweka mpya, safari hii akizipaka oili kwa kidole na kuizungusha pete taratibu mpaka ikakaa. Tangu hapo kompresa haijawahi kuwaka bila sababu. Ukifungiwa kifaa hiki, omba uwepo wakati oringi zinaingia.

Jaribio la mwisho kabla ya kulishusha gari lilikuwa rahisi. Nyuma yote ilikuwa juu ya stendi, injini imezimwa, gia nyutro, umeme wa ufunguo umewashwa ili kompresa ifanye kazi. Loki ikiwa imezimwa, ukizungusha tairi la kushoto kwa mkono na propela imeshikwa, la kulia linakwenda kinyume. Ukiiwasha, unasikia tiki nyuma, yote mawili yanakwenda upande mmoja na propela inazunguka nayo. Nakusihi sana usiwahi kuliingiza gari gia likiwa na tairi moja tu juu ya jeki na loki imewashwa. Lile lililo chini litaliondoa gari kwenye jeki.

Safari ya kwanza nilikwenda kwenye korongo lile lile lililonikatia shafti. Nilisimama kabla ya kushuka, nikaweka foo-wili kwenye gia nzito, nikabonyeza swichi, nikasogea kidogo hadi taa ikatulia. Kisha nikaondoa mguu kwenye mafuta kabisa. Gari lilishuka, likapinda, tairi la nyuma kulia likapanda hewani kama kawaida yake. Lilikuwa linazunguka polepole, mwendo ule ule wa mwenzake. La kushoto lilishika jiwe, likalikandamiza, gari likapanda kwa sailensa, injini ikizunguka yenyewe bila mafuta kukanyagwa. Hakukuwa na kelele ya matairi wala vumbi. Nilisimama juu, nikashuka na kurudi kwa miguu kutazama alama za matairi, kwa sababu sikuamini kwamba ni gari lile lile.

Lakini ina tabia zake na lazima uzijue. Iwashe ukiwa umesimama au unatambaa, kabla ya kizuizi. Ukiiwasha tairi likiwa linazunguka kwa kasi, unagonganisha meno yake. Kwenye lami au ardhi kavu ngumu izime, kwa sababu kwenye kona tairi la nje linahitaji kwenda mbali zaidi ya la ndani na loki hairuhusu. Usukani unakuwa mzito, gari linataka kwenda moja kwa moja, na shafti zinajikunja. Wakati mwingine ukiizima haiachii mara moja kwa sababu meno bado yamebanana. Nyoosha usukani, rudi nyuma hatua moja, utaisikia ikiachia.

Jambo lililonishtua zaidi ni mteremko wa ubavuni. Nilikuwa nimeinama upande wa kushoto kwenye udongo uliolowa, loki imewashwa, matairi yote mawili ya nyuma yakateleza kwa pamoja, na mkia wa gari ukaanza kushuka ubavu kuelekea bondeni. Bila loki, tairi moja lingezunguka na jingine lingebaki limeshika kama nanga. Niliachia mafuta, nikazima, gari likatulia. Sasa kwenye ubavu wenye utelezi naizima kwanza, hata kama mbele naona nitaihitaji.

Upande wa upepo, toleo hili linataka psi kati ya 85 na 105. Bomba la plastiki ndilo sehemu dhaifu kuliko zote: lipitishe mbali na ekzosi, liache na ulegevu wa kutosha ekseli inaposhuka hadi mwisho, na beba kipande cha akiba pamoja na viungio viwili. Kipumulio cha ekseli nimekipandisha hadi kwenye chumba cha injini, kisivute maji.

Watu wananiuliza kama nitafunga na ya mbele. Kwa sasa hapana. Loki ya mbele inaufanya usukani kuwa mgumu na inaziweka jointi za shafti za mbele kwenye hatari kubwa matairi yakiwa yamekatwa kona, na tangu nifunge ya nyuma sijafika mahali palipoidai. Wiki iliyopita nilimwaga oili ya difu kwa mara ya pili. Nilikuwa nimeweka nati ya chini yenye sumaku ili nione kinachotoka humo ndani. Kulikuwa na uji mwembamba wa kijivu, nikausugua kati ya vidole viwili kutafuta chembe ngumu, sikuipata hata moja. Nikajaza lita mbili na kidogo za 80W-90 mpaka ikafurika tundu la pembeni, nikafunga.